Kanga ya Miguu Minne

Mtaa niliokulia Tanga, mbwa akikatiza, wanawake hukusanya kanga zao kama wanaovuka dimbwi. Hatukufundishwa kumchukia. Tulifundishwa kwamba mate yake ni najisi, na ulimi wake ukikugusa unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Madrasa walitueleza vizuri tu: kikavu kwa kikavu hakina neno, tatizo ni unyevu. Lakini mtoto wa miaka sita hana habari na kikavu wala unyevu, anachojua ni kukimbia. Mimi nimekimbia mbwa mpaka nimeingia miaka 40.

Kwa hiyo rafiki yangu wa chuo aliponipigia kuniambia likizo hii ya Juni lazima niende kwake Mufindi, miaka yote nampiga chenga, swali langu la kwanza halikuwa la nauli.

"Mna mbwa?"

"Wawili. Ila wastaarabu."

Sijawahi kumsikia mwenye mbwa akisema wake si mstaarabu.

Huyu rafiki nitamwita Mwalimu, kwa sababu ndivyo kijiji kizima kinavyomwita. Na mimi ni mwalimu, nafundisha historia, lakini kwetu walimu tumejaa hata jina halikai kwa mtu. Yeye kaolewa huko, mume yuko Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi na anarudi mwisho wa mwezi. Nyumbani yupo yeye, watoto wawili, na mama mkwe wake ambaye sote tulimwita Bibi.

Nililala Morogoro kwa mjomba, asubuhi nikapanda basi la kwenda juu. Mikumi nikawaona pundamilia, Kitonga nikafumba macho kwenye zile kona, Ilula nikanunua vitunguu ambavyo sikuvihitaji. Tulipopita Lugalo nikamwonyesha mama niliyekaa naye pale Wahehe walipowachakaza Wajerumani mwaka 1891. Akaitikia kwa adabu, kisha akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia Mufindi.

"Kwa Wahehe? Basi ukipewa nyama, iangalie mara mbili."

Nusu ya basi ikacheka. Utani wa Wahehe na mbwa una umri kuliko mimi, kila Mtanzania anaujua, na kila Mhehe keshauchoka mpaka ameugeuza wa kwake. Konda, ambaye kumbe ni wa hukohuko, akageuka: "Mwacheni dada wa watu. Mbwa wenyewe siku hizi bei iko juu, nani atampa mgeni?" Basi zima likaangua kicheko, na mimi nikiwemo.

Mafinga nikashuka, nikapanda Noah, halafu bodaboda. Barabara ya vumbi jekundu, misindano kushoto, misindano kulia, kisha ghafla chai, kijani kilichokatwa sawasawa kama kichwa cha mtoto aliyetoka kinyozi. Na baridi. Nilikuwa nimevaa sweta la Tanga, yaani la kuvaa mtu akiumwa malaria. Nilifika vidole havishiki noti ya kumlipa kijana wa watu.

Nikiwa bado getini, jua linazama, nikasikia sauti ya mwanamke mzee kutoka nyuma ya nyumba:

"Wanasemaaa! Wanasema weee! Mtajiju! Mtajiju njoo!"

Nikadhani kuna ugomvi. Kabla sijajua nifanye nini, upande wa pili wa uzio ikajibu sauti ya mzee wa kiume, nzito, ya taratibu:

"Umezidi! Umezidi, rudi hapa! Nimesema umezidi!"

Mbwa watatu wakatokea kwenye mahindi, ndimi nje, bega kwa bega. Wawili wakaingia kwetu, mmoja akachepuka kwa jirani. Mwalimu alikuwa ameegemea mlango, anacheka mpaka machozi. "Karibu Mufindi," akasema.

Ilibidi nielezwe wakati napewa chai. Miaka mitatu iliyopita jirani alipanda milingoti, yaani mikaratusi, kwenye mpaka. Milingoti inakunywa maji kama ng'ombe, na kivuli chake kinaangukia mahindi ya Bibi. Bibi akasema, jirani akasema, balozi wa nyumba kumi akaitwa, shauri likaenda likarudi. Wakaacha kusalimiana. Lakini kukaa kimya nako ni kazi, na hapo ndipo mbwa wakaingia. Bibi akapata watoto wawili wa mbwa, wa kike akamwita Wanasema, wa kiume Mtajiju. Mwezi haujaisha, jirani naye akaleta wake, akamwita Umezidi. Tangu hapo kila jioni wazee hawa wanarushiana maneno kwa sauti ya juu kabisa, na hakuna anayeweza kumshtaki mwenzake. Mtu anaita mbwa wake!

Nikashika kikombe nikawaza: sasa mbona hii naijua? Kwetu tuna kanga. Mtu akikukera hujibizani naye, unakwenda dukani unatafuta jina. Unanunua "Hasidi hana sababu", unajifunga, unapita mlangoni kwake polepole unakwenda kununua chumvi ambayo unayo. Marehemu mama yangu alikuwa na kanga moja aliyoivaa kwa ajili ya wifi yake tu. Kumbe huku juu kanga ina miguu minne, na haihitaji hata ajue kusoma yule unayemsema.

Usiku ule wa kwanza sikulala. Choo kiko nje, hatua kama thelathini. Saa tisa haja ikanibana, nikafungua mlango kidogo, nikaona macho manne ya kijani kizani. Nikafunga. Nikasubiri. Nikafungua tena, macho yako palepale. Nikakaa kitandani nimekunja miguu mpaka alfajiri, Bibi alipoamka kuwasha moto. Nilipotoka mbio alinitazama tu, akasema, "Mwanangu, wale walikuwa wanakusubiri wakusindikize."

Kumbe kweli. Kila mtu wa nyumba ile akienda chooni usiku, Mtajiju anatangulia, anakaa nje ya mlango wa choo, anarudi naye. Hakuna aliyemfundisha. Kuanzia usiku wa pili na mimi nikawa nasindikizwa. Yeye hatua tano mbele, mimi na tochi nyuma. Nikisimama, anasimama. Hatukuzungumza.

Kazi za siku zile zilikuwa za mavuno. Mahindi yamekauka shambani, unavunja, unabeba kwa kiroba, unaanika, unapukuchua. Mikono yangu ya chaki ilitoka malengelenge siku ya kwanza. Mbwa nao walikuwa kazini, na hapo ndipo nilipoanza kuwaangalia kwa macho mengine. Upande wa bondeni kuna kipande cha msitu wa asili, ngedere wanatoka humo kundi zima, na ngedere anajua kuhesabu: wakiona mwanamke peke yake wanaendelea kula. Wakisikia Mtajiju hata hajabweka, wanayeyuka. Usiku ni nguruwe pori. Bibi alinionyesha kona waliyoingia mwaka jana mbwa wakiwa wamefungiwa kwa sababu ya harusi ya jirani mwingine: hatua ishirini kwa ishirini, kama pamepita trekta.

Chakula chao ni ukoko wa ugali uliolowekwa maji ya maharage, na vichwa vya dagaa kukiwa na bahati. Nyama ni Krismasi. Mwalimu anasema mbwa wa hapa akipewa mnofu anaenda kuufukia kwanza, haamini.

Jumanne, nikiwa nimekaa kwenye gunia napukuchua, kitu cha moto chenye unyevu kikapita juu ya mkono wangu wa kushoto. Mtajiju. Alikuwa amelamba mara moja tu, ndefu, kutoka kwenye kifundo mpaka kidole cha mwisho, halafu akakaa chini kana kwamba amemaliza kusaini.

Sikupiga kelele, najisifu kwa hilo. Niliinuka, nikachota maji, nikachota udongo wa bustani, nikaanza kuosha. Bibi alikuwa ananitazama kutoka jikoni. Ya kwanza na udongo. Ya pili. Ya tatu. Nikasikia sauti: "Ya nne hiyo." Nikageuka, anahesabu kwa vidole. "Ya tano. Ya sita. Bado moja, mwanangu." Nilipomaliza akauliza, bila kejeli hata chembe, kama kwetu ni sheria au ni dawa. Nikamweleza. Nikamweleza pia kwamba mbwa wa shamba, wa mifugo na wa kuwinda dini haijamkataza mtu kumfuga, kinachosemwa ni yule wa kukaa naye bure. Akafikiri kidogo.

"Basi huyu wetu ana ruhusa."

"Ana ruhusa, Bibi."

"Ulimi ndio hauna."

Sijawahi kusikia mtu akifupisha somo lile vizuri zaidi.

Jumatano akafika mwenzetu wa tatu, shoga yetu wa Mbeya, Mnyakyusa wa Tukuyu anayefanya kazi benki. Alikuja na gari lake, na kwenye kiti cha mbele, amefungwa mkanda, kijibwa cheupe chenye manyoya kinaitwa Lulu. Bosi wake wa kigeni alihama nchi akamwachia. Lulu alikuwa amevaa sweta jekundu. Watoto wa kijiji walijaa getini, mmoja akauliza kwa heshima zote, "Shikamoo shangazi, huyo ni mbwa au ni mwanakondoo?" Shoga akakasirika. Sisi wawili tukaingia ndani kuchekea huko. Niseme ukweli, Lulu sikumpenda. Analala kitandani, anakula wali kwa kuku, na hana kazi yoyote niliyoiona. Mtajiju na Wanasema walimnusa, wakatazamana, wakaenda zao shambani.

Alhamisi ilikuwa siku ya chanjo. Tangazo lilipita kwa kipaza sauti tangu Jumapili: mbwa wote waletwe ofisi ya kijiji, chanjo ya kichaa cha mbwa. Tulifika saa tatu, ukungu haujainuka, na kutoka ndani ya ukungu ule mbwa wanatokea mmoja mmoja na watu wao. Wengine wamefungwa kamba ya katani, wengine mnyororo wa baiskeli, mmoja mkanda wa suruali, na mwenye suruali ameishika kwa mkono. Mvulana mmoja alikuwa amembeba wake mabegani kama mbuzi aliyenunuliwa mnadani. Mbwa hawa maisha yao yote hawajafungwa kitu shingoni, wengine walikuwa wanalia kama watoto. Chini ya mparachichi kuna meza, boksi la barafu, daftari, na bwana mifugo mwenye koti la buluu na subira ya mwalimu wa chekechea.

"Jina la mbwa?"

"Hayawahusu."

Kalamu ikasimama. "Mama, nauliza jina la mbwa."

"Ndilo hilo. Hayawahusu."

Akaandika. Aliyefuata alikuwa Roho Mbaya. Kisha Simba, kisha Simba mwingine, kisha Tutaonana. Kila jina likitajwa watu kwenye foleni wanageuka kumtafuta anayelengwa, na mara nyingi yupo, ameshika mbwa wake naye, anasubiri zamu ya kujibu. Nilitamani ningekuwa na lile daftari. Ungelisoma ukurasa mmoja ungeijua historia ya kijiji kuliko kumbukumbu za mikutano.

Bibi alipofika mbele, Wanasema akiwa na tumbo linaloburuza, bwana mifugo akampapasa ubavuni. "Huyu leo au kesho." Mimba ya mbwa ni kama siku 63, na Bibi alikuwa hajahesabu, maana alikuwa hataki kukiri baba ni nani. Foleni nzima ilijua baba ni nani. Baba alikuwa nyuma yetu watu wanne, ameshikwa na mzee wa kofia ya sufi, anatingisha mkia.

Bwana mifugo akisubiri bomba la sindano alitoa somo lake, naona kalitoa vijiji vyote. Kwamba mtu akipata kichaa cha mbwa, karibu mara zote, 99 kwa 100, alikipata kwa mbwa. Kwamba mtu akishaanza kuogopa maji, hakuna hospitali ya kumrudisha, hivyo dawa ni kuwahi. "Mkileta mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kupita. Mkileta 30 mmenitembeza bure." Ukiumwa na mbwa, akasema, hata kama ni mbwa wako unayemjua, osha kidonda kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa saa, halafu nenda kachome sindano, usingoje.

Bibi akanyoosha mkono. "Huyu mgeni wetu wa Tanga yeye anaosha mara saba na udongo."

Watu wote wakanigeukia. Bwana mifugo naye akanitazama, kwa upole. "Mama, kwa usafi wako ni sawa. Ila kwenye kidonda, udongo hapana. Sabuni."

Jioni tukiwa tumezunguka moto, niliwasimulia wenzangu kwamba chanjo hii Louis Pasteur aliijaribu kwa mara ya kwanza kwa mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa, Ufaransa, mwaka 1885, mwaka uleule wazungu wanamaliza kikao chao cha Berlin cha kutugawana. Shoga wa Mbeya akasema, "Wewe hata ukiwa likizo unafundisha." Tulikuwa tunachoma mahindi, tunasengenya watu tuliosoma nao, nani kaachika, nani kajenga. Mwalimu anapanda misindano yake kidogokidogo, eka moja kila mwaka, anaiita pensheni. Nilimwonea wivu. Kwetu tunapanda minazi na kuibiwa madafu.

Sasa kanga. Nilikuwa nimemletea Bibi doti moja, nikaisahau kwenye begi mpaka usiku ule. Niliichagua Tanga kwa rangi tu, njano na nyeusi. Bibi akaikunjua karibu na moto, akamwomba mkwewe amsomee maneno. Mwalimu akasoma: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake."

Bibi akanyamaza. Kisha akaomba asomewe tena. Asubuhi, Ijumaa, nilipotoka niliikuta kanga imeanikwa kwenye waya wa mpaka, maandishi yakitazama kwa jirani. Haikuwa imefuliwa.

Lakini usiku huohuo Wanasema alikuwa amezaa, kwenye kibanda cha kuni, watoto watano. Wawili walikuwa na doa jeupe kifuani, na hilo doa kijiji kizima kinajua ni la nani. Habari sijui zilipitaje, maana hakuna aliyekwenda kusema. Saa nne hivi tukasikia "hodi" getini. Mzee wa kofia ya sufi. Umezidi yuko nyuma yake.

"Kamwene," akasema.

Bibi alikuwa anachambua maharage. Alichambua kama manne hivi kabla ya kuinua macho. "Kamwene."

Mzee akaenda moja kwa moja kibandani, akachuchumaa. Alikaa pale muda mrefu kuliko haja. Mpaka haukutajwa, milingoti haikutajwa, kanga alikuwa ameipita pale wayani na sidhani kama kuna mtu aliyekuwa hajaisoma. Akasema tu, "Huyu mwenye doa dume nitamchukua akiacha kunyonya." Bibi akasema mbwa hachukuliwi bure. Mzee akasema anajua. Wakataja kuku. Wakabishana kama ni tetea au jogoo, na wakabishana vizuri, kwa raha, watu wawili waliokuwa na njaa ya kubishana uso kwa uso. Akaondoka. Shoga wa Mbeya akaninong'oneza kwa Kinyakyusa chake cha asante sana, "Ndaga fijo kwa Wanasema."

Mchana ule nilikaa chumbani kwa Mwalimu kusoma Suratul Kahf, kama ninavyosoma kila Ijumaa tangu ninaijua. Nimezoea kuipita ile aya ya vijana wa pangoni na mbwa wao aliyenyoosha miguu ya mbele kizingitini, ulimi unakwenda wenyewe. Safari hii nilisimama, kwa sababu Mtajiju alikuwa kizingitini, amenyoosha miguu ya mbele. Sitasema uongo kwamba nililia au nilimkumbatia. Nilivuta mswala nyuma kidogo nikaendelea kusoma. Ila sikumfukuza.

Jumamosi saa kumi na moja kasoro nilitakiwa kuwa barabarani kuwahi Noah ya kwanza. Ukungu ulikuwa mzito mpaka tochi inaangaza ukungu wenyewe tu, huoni miguu yako. Mwalimu alibeba begi, mimi nikabeba kiroba cha mahindi na viazi ambacho Bibi alikataa nikiache. Mtajiju alitangulia hatua tano. Tulipofika njiapanda akakaa, akatazama upande gari litakakotokea, masikio juu, na aliisikia Noah dakika mbili nzima kabla yetu. Nikamwambia asante. Nilisema kwa sauti ndogo ili Mwalimu asisikie, lakini alisikia, na ameshamwambia kila mtu.

Milingoti ipo palepale. Mwalimu alinitumia sauti ya WhatsApp wiki iliyopita, ya kunielezea mambo ya mbegu na bei ya mbolea, na nyuma ya maneno yake nikasikia ng'ambo ya uzio ile sauti nzito ya taratibu inaita:

"Tanga! We Tanga! Toka huko kwa watu, Tanga!"

Nikairudia mara tatu. Nikampigia. Anacheka hawezi kuongea. Ndiyo, akasema, yule mwenye doa, ndilo jina mzee alilompa. Nimemuuliza huo ujumbe ni wa nani sasa, wangu au wa Bibi, na ni sifa au ni tusi. Anasema Bibi naye bado anafikiria, na ameniagizia kanga nyingine, ila safari hii jina atalichagua mwenyewe.